Siku Kumi na Tatu

Rufaa ya shauri la ardhi kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Wakili yeyote wa Babati anaijua hesabu hiyo hata ukimwamsha usiku, maana hapa kwetu kesi ni ardhi: mpaka wa shamba Galapo, majaruba ya mpunga Magugu, kiwanja cha urithi Bonga. Mimi zilinipita nikiwa nimelazwa.

Mteja alikuwa mzee wa Magugu aliyeshindwa barazani kwa hukumu ambayo niliamini, na bado naamini, ilikuwa na kasoro. Jalada lake nililiacha mezani upande wa kushoto, ninapoweka kazi za wiki hiyo. Siku ya 31 kidole tumbo kikapasuka. Nikafanyiwa upasuaji, kidonda kikaingia usaha, nikarudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili. Ofisini alibaki karani wangu peke yake. Alipokea watu, akawatuliza, akawapangia tarehe nyingine, lakini rufaa hakuwa na mamlaka ya kuisaini. Nilirudi siku ya 58 na kulikuta jalada pale pale nilipoliacha.

Kilichobaki ni kuomba nyongeza ya muda. Mahakama ya Rufani ilishaweka msimamo katika shauri la Lyamuya Construction, maombi namba 2 ya mwaka 2010: mwombaji aeleze muda wote aliochelewa. Kabla ya hapo, katika shauri la Bushiri Hassan, ilisema hata siku moja lazima itolewe maelezo. Maamuzi hayo mawili nimeyatumia mara nyingi dhidi ya wapinzani wangu. Sasa niliyasoma kama mtu anayesomewa shitaka.

Kwa miaka mingi nimegonga muhuri kwenye viapo vya watu, mimi nikiwa kamishna wa viapo. Safari hii nilivuka barabara nikaenda kwa wakili mwenzangu, nikasimama mbele ya meza yake nikaapa. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa shahidi, ilibidi wakili mwingine, si yeye aliyeniapisha, asimamie maombi hayo mahakamani.

Kiapo chenyewe nilikiandika kwa mkono kwanza, kwenye daftari, siku moja kwa mstari mmoja. Siku kumi na tatu. Karatasi za hospitali zilifunika tisa. Tatu zilizofuata, kabla ya ile niliyorudi ofisini, nilikuwa nimelala nyumbani, mke wangu akinishika mkono kwenda na kurudi msalani, na hakuna daktari aliyeniandikia chochote kuhusu siku hizo. Nikaanza kuzieleza. Siku ya 55, mwombaji hakuweza kuketi. Siku ya 56, alifungwa bandeji upya. Nilipofika ya 57 kalamu ikasimama, kwa sababu nilijiuliza swali ambalo jaji yeyote makini angeliuliza: kwani ofisini hakukuwa na wakili mwingine? Nikarudi juu ya ukurasa, nikaupitia mstari kwa mstari. Jibu la kila siku lilikuwa moja. Hakukuwa na mtu.

Mahakama ilitukubalia, namshukuru Mungu. Lakini uamuzi wa kuungana na kampuni kubwa niliufanya juu ya ukurasa ule, kabla maombi hayajasikilizwa.

Kampuni yenyewe ni ya Arusha, na walikuwa wamenifuata tangu mwaka uliotangulia. Sikuwajibu. Nilikuwa na sababu ambazo sizionei haya hadi leo. Wengi wetu tuliofungua ofisi hapa baada ya Mkoa wa Manyara kumegwa kutoka Arusha mwaka 2002 tulikuwa na nia moja, kwamba mtu wa Dareda au Katesh asilazimike kufunga safari ya kilomita 170 zaidi kutoka Babati ili amwone wakili. Kuungana na Arusha kulionekana kwangu kama kuirudisha ile safari kwa mlango wa nyuma.

Sababu ya pili ni mbaazi. Wateja wangu wengi hulipa wakishauza mbaazi. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei hapa ilianguka vibaya, na mwaka ule niliendesha kesi ambazo malipo yake yaliingia misimu miwili baadaye, mengine kidogo kidogo, mengine kwa gunia. Hakuna aliyenikimbia. Kampuni kubwa ina mhasibu, na mhasibu hasubiri mvua.

Mawakili wa Nairobi walishapita njia hii. Hamilton Harrison & Mathews, ofisi iliyoanza mwaka 1902, ilijiunga na Dentons huku ikiendelea kubeba jina lake nyuma ya jina jipya, na Coulson Harney ikaingia Bowmans. Wao hesabu zao zilikuwa mabenki na mikataba inayovuka mipaka ya nchi. Yangu ilikuwa ndogo zaidi: nikilala kitandani, nani atasaini?

Mazungumzo yalichukua miezi, na mengi ni ya kawaida: mgawanyo wa mapato, leseni, usajili, na ukweli kwamba mkishakuwa wabia, deni la mmoja linaweza kugonga mlango wa mwingine. Niliomba mambo matatu yaandikwe. Ofisi ya Babati isifungwe. Karani wangu abaki. Wakulima waendelee kulipa kwa msimu. Mawili walikubali mara moja, la tatu wakaliwekea kiwango.

Kilichoniumiza ni orodha. Kabla ya kuungana, kila upande huorodhesha wateja wake na wapinzani wao, kwa kuwa ofisi moja haiwezi kuwakilisha pande mbili zinazogombana. Nikakuta majina mawili yanagongana. Mmoja ni mama mjane ambaye shauri lake nilikuwa nalo mwaka wa nne, na mpinzani wake ni mteja wa wale wa Arusha. Nilimwita, nikamweleza, nikamrudishia sehemu ya ada ambayo sikuwa nimeifanyia kazi, nikamtafutia wakili mwingine hapa mjini ninayemwamini. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, unahamia kwao?"

Nilimjibu kwamba siri zake hazitatoka kwangu, na kwamba kesi yake hata wao hawataiendesha, maana mimi nikishaingia kwao sote tunafungwa. Ni kweli, na nilihakikisha imetekelezwa. Ila hakuwa ameuliza hilo. Alikusanya karatasi zake, akazifunga kwenye kanga, akaondoka bila kuaga. Alikuwa na haki. Kinga niliyowapatia wateja wengine wote, sehemu ya gharama yake ilitoka kwake, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kama yuko tayari kuilipa.

Waliobaki niliwaandikia barua, lakini barua haitoshi kwa watu wetu. Jalada ni la mteja, naye ndiye wa kuamua linakwenda na nani. Kwa hiyo nilikaa na kila mmoja. Mzee wa Magugu alifika siku ya mnada, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wakili. Afya?"

Nikamweleza yote tangu mwanzo, nikampa fomu ya ridhaa. Hakuishika.

"Ukiumwa tena?"

Nikamtajia mawakili wawili, mmoja wa Arusha na kijana atakayekaa nami hapa Babati. Akaniambia niwaandike, majina na namba za simu, palepale juu ya jalada lake. Nikaandika. Akalichukua, akalipeleka hadi meza ya karani, akamwomba amsomee majina yale. Alipomaliza, akamwomba asome tena, polepole, naye akiyarudia kwa sauti.