Babu Anachekesha Bongo Nzima, Ila Si Wake Tena

Jina kapuni, maana mwenyewe hapendi kuonewa huruma. Ila ukimwigiza yule babu mwenye wivu na kikohozi chake cha uongo, hata konda wa daladala ya Mbagala atakwambia ni nani.

Alianzia kwenye kikundi cha sanaa Temeke, akaingia runingani kipindi kile Ze Comedy ya EATV imeshafungua njia na vikundi vya vichekesho vinaota kama uyoga. Malipo yalikuwa posho. Siku ya kushuti unapata, siku nyingine unapiga mizinga kama watu wengine. Akachoka, akaamua kutengeneza muvi yake: kamera ya kuazima, lokesheni nyumbani kwa shangazi, mke anapikia kikosi kizima ubwabwa.

Muvi ikatoka kali. Tatizo likaanzia Kariakoo. Enzi hizo hulipwi kwa kila nakala inayouzwa. Unampa msambazaji masta, anakupa hela ya mkupuo, mnasaini, mmemalizana. Yeye ndo anachapa kava, anaikata Part 1 na Part 2, na ikiuza mpaka Kigoma ni bahati yake. Jamaa akasaini karatasi moja na nusu huku mwenye kamera anamdai. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, rahisi kusema ukiwa umeshiba.

Umaarufu ukaja kwake, hela ikaenda kwingine. Anabanwa kwenye daladala huku watu wanaomba kupiga naye picha. Siku ya msiba wa mama yake, alipoanza kulia chini ya turubai, vijana waliokaa nyuma wakaangua kicheko. Kilio chake na cha babu ni kilekile, sasa afanyeje?

Mwaka 2018, Mzee Majuto alipokuwa anaumwa na ishu ya mikataba mibovu ya wasanii ikafika serikalini mpaka ikaundwa kamati, jamaa naye akatoa karatasi yake kabatini, akampelekea mwanasheria. Majibu yalimkata maini. Ameuza haki zote, mpaka jina la babu limo humo.

Vipande vya muvi ile vinazunguka YouTube hadi leo, chaneli si yake. Alipopandisha kimoja mwenyewe akapigwa straiki. Yaani kwa sura yake mwenyewe!

Sasa hivi ana mhusika mpya, baba mwenye nyumba anayewaogopa wapangaji wake. Anashuti kwa simu, dakika kumi kila wiki. Watu bado wanamwandikia "mrudishe babu", wengine wanasema huyu mpya hachekeshi. Hawajakosea sana, vile vya mwanzo vilipooza kinoma. Ila cha wiki iliyopita, kile LUKU inakata katikati ya ugomvi, kimetulia. Kabla kamera haijawaka kila mwigizaji alisaini karatasi yake na kuondoka na nakala, hadi shangazi aliyepita tu na ndoo ya maji.