Majeshi Mawili ya Mwaka 1896

Mwanafunzi mmoja hapa Paje aliniuliza, "Mwalimu, katika vita vile vya mjini, Waingereza walikuwa wangapi na Waunguja wangapi?" Nilitaka kumjibu upesi, kisha nikasita, maana swali lenyewe halikukaa sawa.

Tazama, msomaji, jinsi watu walivyopangwa asubuhi ya tarehe 27 Agosti. Jumbani alikuwamo Seyyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti siku mbili kabla, alipofariki Seyyid Hamad bin Thuwaini. Pamoja naye walikuwamo watu wapata 2,800: walinzi wa jumba, watumishi, watumwa, na walio wengi ni raia tu waliopewa silaha. Mizinga yao ilielekezwa baharini, na merikebu yao Glasgow ilikuwa imetia nanga bandarini.

Mbele yao zilikuwako manowari 5 za Admirali Harry Rawson. Saa 3 na dakika 2 mizinga ikalia. Hata saa 4 haijatimia, vita vimekwisha. Watu wapata 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza baharia 1 aliumia vibaya. Hata Glasgow ilizama.

Lakini nchi kavu, upande uleule wa Waingereza, walisimama askari 900 wa jeshi la Unguja lenyewe, chini ya Raikes. Hao niwahesabu wapi?

Mtoto akafikiri, akasema, "Basi huenda ndugu walielekezeana bunduki."

Nikamwambia, "Huenda." Hakuniuliza tena habari ya hesabu.