Raketi Yangu ya Kwanza Ilikuwa Mwiko

Jamani, nimelizwa. Mwandishi mzima, ninayelipwa kwa kuuliza maswali, nimetoka na raketi feki Kariakoo bila kuuliza hata moja.

Ilikuwa hivi. Jamaa wawili niliosoma nao Mlimani walinivuta kwenye mpira wa vinyoya, tunacheza kila Jumamosi jioni. Baada ya wiki tatu za kuazima raketi za watu nikaona haya. Nikatenga laki moja, ambayo kwa ripota kama mimi ni nauli na chakula cha mchana cha wiki kadhaa. Muuzaji akanitolea raketi yenye jina kubwa la Kijapani, rangi inang'aa. "Hii bei yake laki tatu, bosi, wewe lete tisini." Nikalipa haraka asije akabadili mawazo. Nikajiona mjanja!

Jumamosi ya pili nikapiga smashi moja ya nguvu, kichwa cha raketi kikazunguka shingoni. Kiwiko nacho kiliuma siku nne, hata kuchapa habari ikawa kazi.

Pale ukumbini kuna mzee anayefunga nyuzi. Aliiweka raketi yangu kwenye mizani yake ndogo: gramu 108. "Kijana," akasema, "huu ni mwiko. Kasonge ugali."

Alipomaliza kucheka akanifundisha. Kwanza, angalia alama ya uzito karibu na mshikio. 3U ni gramu 85 hadi 89, 4U ni 80 hadi 84. Yaani namba ikipanda, uzito unashuka. Mimi nilidhani ni kinyume chake. Pili, anayejifunza anafaa fimbo inayopinda kidogo, kwa sababu inamsaidia kusukuma kinyoya hata kama mkono wake bado hauna kasi. Tatu, tazama kichwa kinapoungana na fimbo. Zangu zilikuwa vyuma viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha kati, na hapo ndipo palipoachia. Raketi ya kaboni iliyotengenezwa kipande kimoja haina kiungo cha namna hiyo.

La nne ndilo lililoniuma: usimalize hela yote kwenye raketi. Nyuzi zinazokuja nayo kutoka kiwandani mara nyingi zimelegea. Bakiza za kufungia nyingine, pauni 20 hadi 22 zinatosha kwa kuanzia. Ukikaza sana, mkono ndio unaopokea mshtuko.

Ilinichukua miezi miwili kupata laki nyingine. Safari hii nilinunua raketi ya kaboni, 4U, ya kampuni ambayo hakuna anayeijua, kwa 65,000. Mzee akanifungia nyuzi kwa 20,000. Zilizobaki nikanunulia vinyoya vya plastiki, maana vile vya manyoya halisi, manyoya 16 kila kimoja, mtu anayejifunza anavimaliza kwa jioni moja.

Nikijihoji kama ninavyowahoji wengine, jibu ni kwamba ile ya kwanza niliinunua ili wenzangu walione lile jina. Wala hakuna aliyeliangalia. Waliniuliza tu kwa nini nashika kiwiko.

Bado nafungwa kila Jumamosi. Ila siku hizi, Jumapili nachapa habari bila kulalamika.