Nimekwenda Kariakoo kununua joto!

KAMA unadhani Dar es Salaam ni mji wa kutoa jasho tu, subiri mwezi wa sita ufike, halafu simama pale Msimbazi inapokutana na Uhuru saa saba mchana. Jua linachoma, shati limenata mgongoni, muuza maji ya baridi anagonga chupa zake na wateja wanamfuata wenyewe. Mara inapita bodaboda. Dereva kavaa koti nene la kuchezea theluji huko Ulaya, zipu kaipandisha mpaka kidevuni, na chini ya helmeti kapiga kofia ya sufu!

Mgeni atacheka. Mwenyeji hashangai. Muulize dereva mwenyewe, atakujibu kwa neno moja: "Upepo." Kutwa nzima unampiga kifuani, na akirudi kwake Mbagala usiku wa manane, fulana imeshalowa jasho, upepo huo unageuka barafu. Na hiyo ni Dar, mji wa pwani. Sasa je, huko kwenye baridi yenyewe?

Basi msomaji wangu, safari hii sikwenda Kariakoo kununua shati wala simu. Nilikwenda kununua joto.

DOGO WA NJOMBE

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaendesha bodaboda Njombe mjini. Kwa wale ambao hawajafika, Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama nyuzi sita hivi. Kwa hiyo wakati wewe wa Ilala unajipepea na gazeti, wenzako wa Njombe wamezunguka jiko la mkaa. Ukisogea mpaka uwanda wa Kitulo, kule Makete, kuna asubuhi za mwezi wa saba unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu.

Dogo anaanza kazi saa kumi na moja alfajiri. Siku moja alimpakia mama mwenye mtoto mgongoni. Kwenye mteremko ng'ombe akakatiza. Dogo akabana breki ya mkono, vidole vikagoma.

"Braza, nilikuwa naviona vimeshika breki, lakini havikubana," aliniambia kwenye simu.

Kilichomwokoa ni breki ya mguu. Pikipiki ikaserereka taratibu mpaka mtaroni. Mama akasimama, akamkagua mtoto kuanzia utosini mpaka nyayo, akamwangalia dogo bila kusema kitu, akaondoka kwa miguu. Nauli hakulipa, na nani angemdai?

Dogo alipokuwa ananisimulia alikuwa anacheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyekosa usingizi. Mwisho akasema: "Braza, nimeona kwenye simu pikipiki za Wazungu zina gripu zinazopata moto. Huko Kariakoo si kuna kila kitu? Niangalizie."

UPEPO NDIO MWIZI

Kabla hatujaingia sokoni, tuelewane kidogo kuhusu huyu adui. Mwili ukisikia baridi unaanza kubana matumizi. Damu ya moto inabaki kifuani na tumboni kulinda moyo na mapafu, vidole vinaachwa vijitegemee. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kifua cha moto huku vidole vimekufa ganzi, hata funguo anashindwa kuzungusha.

Ongeza upepo sasa. Kuna kanuni inayotumika Canada na Marekani ya kupima baridi ya upepo. Kwa kanuni hiyo, hewa ya nyuzi 5, upepo ukiwa kilomita 60 kwa saa, ngozi inaiona kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Na mwenye pikipiki haletewi upepo huo na mawingu, anautengeneza mwenyewe kwa kuvuta mafuta!

Wazungu walishalifanyia kazi jambo hili zamani. Gripu za moto zinatengenezwa na kampuni kama Oxford ya Uingereza na Koso ya Taiwan, na pikipiki nyingi kubwa za huko zinatoka nazo kiwandani. Ndani ya mpira wa gripu kuna waya mwembamba kama ule wa pasi. Umeme wa betri ukipita, unapata moto, na viganja vinaota kama viko jikoni. Rahisi kusema.

KUTOKA POSTA KWA MGUU

Nikatoka Posta kwa mguu, nikapita Mnazi Mmoja, nikavuka Lumumba. Hapo ndipo unapoanza kusikia Kariakoo kabla hujaiona. Spika zinataja bei, wabeba mizigo wanapiga mluzi upishe njia, mwenye mkokoteni anakuita "bosi" huku gurudumu lake liko juu ya kiatu chako.

Jina lenyewe lina historia nzito. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vijana wa Kiafrika walibebeshwa vyakula na risasi vichwani, porini na milimani, na wengi sana walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa bunduki. Mahali palipopewa jina la wabeba mizigo, leo panabebesha nchi nzima. Mfanyabiashara wa Mbeya anafunga mzigo hapa, wa Lubumbashi anafunga hapa, wa Lusaka pia.

Na pameshapata mitihani. Usiku wa Julai 10, 2021 jengo la Soko Kuu, lile lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli, liliungua. Novemba 16, 2024 ghorofa likaporomoka na kuua watu. Kila mara biashara ilisimama, watu wakalia, halafu asubuhi moja meza zikapangwa tena.

"ZIPO, BOSI!"

Maduka ya spea za pikipiki hayakufichi. Matairi yananing'inia mlangoni kama mikufu, minyororo iko kwenye vijaluba, taa zimewashwa mchana kweupe zikikukonyeza. Boxer, TVS, Haojue, kila ukoo una rafu yake.

Duka la kwanza nikauliza gripu za moto. Kijana akanitazama, akatazama jua, akanitazama tena.

"Bosi, unaumwa?"

Duka zima likaangua kicheko. La pili wakanipa gripu nyekundu. "Si umesema za moto?" La tatu nikaambiwa zipo, nisubiri dakika tano. Wewe na mimi tunajua dakika tano za Kariakoo. Kijana akatimua mbio kwenye vichochoro, akarudi baada ya nusu saa na boksi lenye maandishi ya Kichina. Ndani mlikuwa na gripu mbili, nyaya na kiswichi chenye ngazi mbili, ndogo na kubwa.

"Elfu themanini, bosi. Mwisho kabisa."

Tukaanza kuvutana. Nikaondoka, nikaitwa, nikarudi, nikaondoka tena. Tukafika elfu hamsini na tano. Nikamwambia pesa ninayo, lakini kwanza fundi aione ikifanya kazi. Kijana hakukataa. Akanipeleka uchochoro wa nyuma, kwa mzee mmoja aliyekaa juu ya kreti la soda, mikono imejaa grisi, miwani imefungwa na waya.

MZEE NA MITA YAKE

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pikipiki gani, inakaa wapi?"

Nikasema Boxer, iko Njombe. Mzee akaacha alichokuwa anafanya. Kumbe alishawahi kukaa Makambako, baridi ya kule anaijua kwa jina.

Akageuza boksi, akasoma: volti 12, wati 36. Akaniuliza, taa kubwa ya mbele ya pikipiki ndogo inakula wati ngapi? Akajijibu mwenyewe: 35.

"Umeona, mwanangu? Hapa unataka kuongeza taa nyingine kubwa ambayo haimulikii mtu. Hiyo ni ampea tatu. Pikipiki ya Mzungu ina jenereta ya kulisha kijiji. Hii ya kwetu koili yake imepimiwa taa, honi na kuchaji betri, basi."

Akamwita dereva mmoja aliyekuwa amepaki Boxer kama ya dogo. Akaunganisha gripu kwenye betri kwa nyaya za majaribio, akachomeka mita yake. Injini ikinguruma palepale, taa imewashwa na gripu kwenye ngazi kubwa, mita ilisoma volti 12.3. Akavuta mafuta kidogo kama mtu aliye safarini, ikapanda 13.4. Akarudisha ngazi ndogo, ikakaa vizuri zaidi.

"Soma hapo," akasema. "Ukiwa unakwenda, inakubeba. Ukisimama kijiweni unasubiri abiria huku unaota moto, unakula betri. Jioni utasukuma."

Nikadhani ameshamaliza. Kumbe ndiyo kwanza anaanza.

"Tena sikiliza. Gripu inachoma kiganja, upepo unagandisha mgongo wa mkono. Ni kama kuota moto huku umeacha mlango wazi. Kwanza funga mlango!"

Akaingiza mkono chini ya meza, akatoa vifuniko viwili vya ngozi bandia, ndani vimeshonewa blanketi, kama soksi kubwa. Unavifunga kwenye usukani, mkono unaingia humo na kushika gripu, breki na klachi, upepo unabaki nje. Vinashonwa hapohapo jirani, na mafundi viti. Bei yake? Elfu kumi na tano!

Kijana wa duka alikuwa amesimama pembeni anasikia biashara yake ikipigwa pini. Mzee akamtuliza: "Usiogope, atanunua na za kwako. Lakini atanunua akijua."

Hilo ndilo ninalotaka ulibebe, msomaji. Kariakoo kila mtu atakuuzia kitu. Wa kumtafuta ni yule anayeuliza kwanza pikipiki gani na inakaa wapi.

JINSI YA KUFUNGA

Mzee akaniandikia maelekezo nyuma ya risiti, kwa ajili ya fundi wa Njombe. Nayatoa kama yalivyo, maana najua Mufindi, Mbeya, Lushoto na Arusha mnanisoma.

Moja, waya wa moto utoke betri, na fyuzi ya ampea 5 ikae karibu kabisa na betri. Bila fyuzi, waya ukichubuka unaunguza pikipiki.

Mbili, pitisha kwenye rilei inayofunguliwa na swichi ya funguo. Ukichomoa funguo, gripu zinazima zenyewe, hata ukisahau.

Tatu, na hili mzee alilipigia mistari miwili: upande wa kulia, wa kuvutia mafuta, acha waya ulegee kidogo. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Vuta mafuta, achia. Lazima yarudi yenyewe kila mara. Waya ukikaza na mafuta yakabaki yamevutwa, hiyo si baridi tena, ni msiba.

Nne, usishangae mkono wa kulia kupata moto zaidi. Kushoto gripu imekaa juu ya bomba la chuma, na chuma kinanyonya joto. Kulia imekaa juu ya plastiki.

Tano, taa ya mbele ikiwa ya balbu ya zamani, weka ya LED inayofaa pikipiki hiyo. Inakula umeme kidogo, na kilichobaki kinakwenda vidoleni.

MZIGO UMEFIKA

Nikanunua vyote. Nikavuka mpaka Mchikichini, pale Karume, kwenye mitumba, nikaokota glavu nyembamba za ndani na fulana ya sufu. Ukikaa na kifua cha moto, mwili hauoni sababu ya kuwanyima vidole damu. Asubuhi yake mzigo ukapanda basi pale Magufuli, Mbezi, kwenda Njombe.

Siku tatu kimya. Ya nne simu ikalia saa moja asubuhi.

"Braza, nimetoka kushusha abiria wa tatu. Vidole ninavyo vyote kumi!"

Nikamuuliza kuhusu gripu. Akasema anaziwasha ngazi ndogo tu, tena akiwa njiani, kwa sababu vile vifuniko vyenyewe vimeshamaliza nusu ya kazi. Akifika kijiweni anazima. Nikamuuliza breki. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kila akikaribia ule mteremko anaijaribu kwanza juu, kabla hajashuka. Hapo nikajua dogo amekua.

Kasheshe iliyobaki ni moja. Kijiwe kizima wameviona vile vifuniko, na nimeshatumiwa oda ya jozi tisa. Mwandishi wenu anakaribia kuwa machinga!

Na wewe usiye na elfu kumi na tano kwa sasa usikate tamaa. Kurasa za gazeti zikipangwa kifuani chini ya koti zinazuia upepo vizuri kabisa. Kwa hiyo ukimaliza kusoma ukurasa huu, usiupeleke kwa muuza karanga. Uvae. Tukutane wiki ijayo.