Marangu: Nyumba ya joto isiyomdhuru mtoto

Daladala za Moshi kwenda Marangu hupita Himo, kisha huanza kupanda mlima. Safari ni ya takriban kilomita 40 tu, lakini abiria aliyeondoka stendi na shati jepesi hushuka akitafuta sweta. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, na miezi ya Juni na Julai ndiyo ya baridi kali.

Wachaga wa zamani walikuwa na jibu lao: msonge, nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi. Mgeni wa Marangu bado huoneshwa mfano wake makumbusho. Watu, ng'ombe na mbuzi walilala chini ya paa moja, moto ukiwaka kati. Moshi uliumiza macho na vifua, ila sehemu yake ilipenya kwenye nyasi na kutoka.

Leo katika kihamba kilekile, katikati ya migomba, kuna nyumba ya matofali yenye mabati, dari ya jipsamu na madirisha ya vioo. Inapendeza. Lakini zipo familia ambazo baridi ikizidi huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga kila kitu na kulala. Hapo ndipo penye hatari. Nyasi zilipitisha hewa, vioo havipitishi. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na huweza kuua watu wakiwa usingizini.

Hata moshi wa kupikia si wa kudharau. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwamo zaidi ya 237,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano.

Mzazi ufanye nini?

• Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata kama linaonekana limezimika.

• Tafuta joto kwa njia nyingine: blanketi la ziada, soksi, zulia au mkeka sakafuni, pazia zito usiku.

• Asubuhi fungua pazia na madirisha yanayotazamana, hewa ipite na jua liingie.

• Sogeza kitanda cha mtoto mbali na ukuta wenye unyevu. Kuvu huchochea pumu.

• Punguza majani ya mgomba yanayoziba dirisha.

• Kama bado unapikia kuni, jiko liwe na dirisha na matundu ya juu ya kutolea moshi.

Watu kadhaa nyumbani wakipata kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, na kuna mkaa unaowaka, msisubiri. Tokeni wote nje kwanza, kisha wahini hospitali.