Mkanda wa Kamera ya Baba



Juma hili twawaletea jambo dogo la nyumbani, lililotuchukua jioni nne na kutugombanisha kuliko tulivyotazamia.

Marehemu baba alituachia kamera ya Zenit-E, iliyotengenezwa Urusi enzi za Muungano wa Kisovyeti, ambayo aliitumia kupigia picha za harusi na za vitambulisho mtaani kwetu. Kamera yenyewe ni nzima. Kilichochakaa ni mavazi yake: mfuko wa ngozi ulikuwa umekauka, na mkanda ulikatika siku ile ile tulipoutoa kabatini. Wanaoijua Zenit-E watakumbuka kwamba haina pete za mkanda ubavuni. Mkanda hushonewa kwenye mfuko, nao mfuko hukazwa kwa skrubu chini ya kamera. Ukikatika, kamera haina namna ya kuning'inia shingoni.

Dada yetu akasema tushone mkanda mpya kwa kanga ya mama. Kipande kimoja cha doti hiyo mama alizikwa nacho. Cha pili ndicho kilichosalia. Mdogo wetu hakutaka kiguswe na mkasi. "Dada, nguo ya mama haikatwi," alisema, akatoka nje. Dada naye alishikilia kwamba nguo iliyofungiwa sandukuni miaka 6 inavaliwa na nondo peke yao. Siku mbili hawakusemezana. Mwishowe tulikubaliana kukata pindo la upande mmoja tu. Mji na jina la kanga vibaki kama vilivyo.

Kanga ni pamba nyepesi, haibebi uzito. Kwa hiyo ndani tuliweka mkanda wa nailoni tulioutoa kwenye begi kuukuu la shule, ncha zake tukazichoma kwa mshumaa zisifumuke, kisha tukauvika kanga kama foronya. (Atakayetumia kanga mpya hana budi kuifua kwanza mara kadhaa, la sivyo jasho litahamishia rangi kwenye kola ya shati.) Kila ncha tuliishona mraba wenye msalaba katikati.

Kamera na lenzi yake zina uzito wa karibu kilo moja. Tukatundika mfuko wa unga wa kilo mbili mlangoni usiku kucha, na asubuhi tukaukuta sakafuni: uzi wa pamba ulikuwa umekatika. Tulinyamaza wote, maana ingekuwa kamera ya baba. Tukashona upya kwa uzi wa nta wa fundi viatu, tukatundika tena usiku mbili, ukashika.

Kikinga mwanga cha lenzi nacho kilikuwa kimebabuka. Tulikipaka ndani rangi nyeusi ya mafuta, ikang'aa vizuri, nasi tukajipongeza. Tulipochungulia kuelekea juani tuliona weupe kama ukungu, kwa sababu rangi ing'aayo ilirudisha mwanga kwenye kioo. Tukaikwangua, tukapaka rangi ya ubao wa darasani, ambayo haing'ai kabisa.

Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifunika sehemu zing'aazo za Leica yake kwa utepe mweusi, ili watu wasimtambue akipiga picha. Mkanda wetu waonekana toka ng'ambo ya barabara. Hatudhani kwamba baba angejali; yeye alipenda watu wajue kwamba mpiga picha amefika.

Anayeivaa kamera sasa ni mdogo wetu, yule yule aliyeukataa mkasi. Jumamosi iliyopita tulikwenda nayo kwa shangazi. Aliitambua nguo kabla ya kuitambua kamera. Alilishika lile pindo shingoni mwa kijana, akalipapasa kwa muda, kisha akauliza jina la kanga liko wapi. Tukamwambia liko sandukuni, zima.