Ngalawa Kuukuu ya Bagamoyo

Nalikwenda Bagamoyo, mji ambao Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misheni yao mwaka 1868. Baada ya sala ya asubuhi nikateremka pwani, maji yamekupwa. Chini ya mnazi nikaona ngalawa kuukuu iliyopasuka ubavuni, na fundi mzee akiigonga kwa mpini wa tezo, toka omo hata tezi.

Nikamwamkia, “Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwalimu. Ngoja kidogo, namsikiliza mgonjwa.”

Ngalawa ile ilikuwa ya mjane mmoja. Tangu mumewe kufa mwaka juzi haikushuliwa. Majirani walimshauri aipasue iwe kuni. Walakini wanawe wawili ni wavuvi, wala hawana chombo kingine. Hukodi cha watu, na sehemu kubwa ya samaki huenda kwa mwenye chombo. Basi neno la fundi ndilo lingalikata shauri.

Akasema, “Mti mzima hulia, mti uliooza hunyamaza. Huyu analia bado. Jua ndilo lililompasua, kwa kulala mchangani.”

Mwili wa ngalawa ni gogo moja la mwembe lililochongwa, jembamba mno; likitwekwa tanga peke yake litapinduka. Kwa hiyo hulazwa miti miwili kukingama, na katika ncha zake, kila upande, hufungwa ubao ulioinama kidogo. Upepo ukilaza chombo, ubao wa upande ule huyakanyaga maji na kukiinua. Hayo ndiyo matengo.

Fundi akachonga palipooza mpaka akafika mti mzima, akatia kiraka, akaziba nyufa kwa pamba iliyolowa mafuta ya nazi. Akachoma makuti chini ya chombo, kukausha na kuua wadudu watoboao mbao, kisha akapaka sifa ya papa. Kijana mmoja akasema, “Babu, pale pabaya kidogo pafunikwe kwa rangi.” Mzee akajibu, “Rangi itamdanganya mnunuzi, haitayadanganya maji.” Akachonga tena.

Siku ya tatu, maji yalipojaa, tukaishua. Mara maji yakaingia! Mama yule akashika kichwa. Fundi akasema, “Mwacheni anywe, mti mkavu hauna budi kuvimba.” Vijana wakakumba maji hata jioni, na ufa ukajifunga. Kesho yake wakatweka tanga. Walirudi na samaki wachache, na mama akampa fundi wa kwanza.

Ndugu zangu, katika vijiji vyetu wamo Wakristo waliolala mchangani siku nyingi, hawaonekani kanisani, nasi twawaita kuni. Je, nani amekwenda kwao kugonga na kusikiliza? Akirudi mmoja, na siku za kwanza akivuja, tusimcheke. Tukumbe maji pamoja naye hata jioni.

Ni mimi ndugu yenu, Mwalimu wa Dini.